Kutembea Lamu na Kamera: Mwongozo wa Picha Nyeusi na Nyeupe

Picha nyingi za Lamu zinazosambazwa mitandaoni ni za aina moja: bahari ya samawati, ukuta mweupe uliofunikwa na maua ya bogenvilia, tanga la jahazi wakati wa magharibi. Zinapendeza, sikatai. Lakini rangi huteka macho yote, na mtu anaweza kuzitazama kumi mfululizo asijue mji wenyewe umejengwaje. Rangi ikiondoka, kinachobaki ni chokaa iliyobabuka, mbao zenye nakshi, vichochoro vyembamba, na kivuli kingi.

Kivuli hicho hakikuja kwa bahati. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa na watu walioyajua makali ya jua la pwani. Nyumba za ghorofa za mawe ya matumbawe zilisogezwa karibu karibu ili moja iipe nyingine kivuli, na njia zikaachwa nyembamba ili mpita njia apate ubaridi. Ndiyo maana nasema anayetaka picha nyeusi na nyeupe hapa ana swali moja kubwa la kujiuliza: jua litaingia wapi, na saa ngapi? Kamera, lenzi na programu za kuhariri ni mambo ya baadaye.

Hatua ya kwanza: jua mji umelala vipi

Lamu imekabili mashariki, ng'ambo ya mkondo kuna kisiwa cha Manda. Njia ndefu, na kubwa yao ni Usita wa Mui, zinafuata ufuo kutoka kaskazini kwenda kusini. Vichochoro vinazikata njia hizo kwa mapana, vikiteremka kutoka juu ya mji hadi pwani, na mvua ikinyesha humo ndimo maji yanamopita kwenda baharini. Ukishayaelewa hayo mawili, umeshapata ratiba ya siku nzima.

Asubuhi jua linachomoza upande wa Manda. Kwa kuwa tuko karibu sana na ikweta, saa yake haihami sana: mwaka mzima ni kwenye saa kumi na mbili, dakika kadhaa mbele au nyuma. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi mwanga unatoka baharini na kupanda kwenye vichochoro moja kwa moja. Huu ndio wakati wa kusimama chini, karibu na pwani, ukitazama juu: ngazi, mawe ya njia, mtu anayeshuka na kapu lake, vyote vimepigwa na jua usoni. Mwezi wa Juni jua linachomozea kaskazini kidogo, Desemba kusini kidogo, kwa hiyo katika miezi hiyo ukuta mmoja wa kichochoro unang'aa na wa pili unabaki gizani. Mpiga picha za rangi hulalamika. Wewe umepata mstari unaoigawa picha yako bure.

Mchana ndipo ninapotofautiana na vitabu. Vingi vimeandikwa na watu wa nchi zenye jua la chini, na vyote vinakuambia uifungie kamera yako saa sita. Hapa usivisikilize. Kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa saba na nusu ndio wakati pekee jua linapofika sakafuni kwenye Usita wa Mui, na linafika kama utepe mwembamba unaohama kutoka ukuta wa magharibi kwenda wa mashariki. Halafu jua likiwa juu linateremka sambamba na kuta. Kila kovu la chokaa, kila kijitundu cha tumbawe, kila ncha ya nakshi inaangusha kivuli chake chini. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa, na kivuli cha mtu aliyesimama hujificha chini ya miguu yake. Kwa kuta, miezi hiyo miwili haina mfano.

Alasiri jua linahamia nyuma ya mji. Nyumba za pwani zote zinaingia kivulini huku mashua zilizo mkondoni bado zina jua, na huo ni mpango mzuri wa picha: giza mbele, mwanga nyuma. Kwenye vichochoro mambo yanageuka. Sasa simama juu uteremke nao, au simama chini utazame magharibi upate watu kama vivuli vitupu.

Kuhusu majira, sitasema mengi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, anga huwa tupu na jua kali. Kusi huleta upepo na mawingu, na wingu kwenye picha isiyo na rangi ni mali. Masika huwakimbiza wageni, lakini ukuta wa chokaa ukilowa unapata rangi za kijivu ambazo hazionekani wakati mwingine wowote. Beba mfuko wa plastiki na utoke.

Hatua ya pili: vifaa vichache

Simu nzuri inatosha kuanzia. Kama una kamera, chukua lenzi moja isiyo ndefu, milimita 28 au 35 kwa kamera ya fremu kamili, kwa sababu kwenye kichochoro huna pa kurudi nyuma; ukuta uko mgongoni. Lenzi ndefu iache nyumbani, isipokuwa unakwenda kupiga ndege au mashua za mbali. Kiguzo cha miguu mitatu kinafaa alfajiri na usiku tu. Mchana kitawazibia watu njia, na punda aliyebeba mawe hatakuzunguka.

Adui hapa ni chumvi na mchanga. Usibadilishe lenzi pwani upepo unapovuma. Kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo kwa maji matamu, kipanguze kamera kila jioni, kisha kikavu kifuate.

Wanaopiga kwa filamu: filamu za HP5 au Tri-X, zote za ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kupokea mwanga), zinavumilia sana tofauti za mwanga na kivuli. Chujio la njano, kioo cha rangi kinachofungwa mbele ya lenzi, linakula stopu moja hivi ya mwanga, la machungwa mbili, jekundu tatu; kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu. Filamu usiiache juani wala kwenye chumba kisicho na hewa.

Hatua ya tatu: ipange kamera ione bila rangi

Iweke kamera ihifadhi faili mbili kwa kila picha, RAW (data ghafi ya kamera) na JPEG (picha ya kawaida iliyo tayari), halafu uchague mtindo wa nyeusi na nyeupe. Kwenye kioo utaona picha isiyo na rangi, lakini faili la RAW linabaki na rangi zake zote, na utazihitaji wakati wa kuhariri. Kwa simu, piga kwa rangi kisha ugeuze baadaye, ila kwa siku chache za mwanzo washa kichujio cha nyeusi na nyeupe ili jicho lizoee.

Linalozoeleka kwanza ni hili: vitu viwili vyenye rangi tofauti kabisa vinaweza kutoka kijivu kimoja. Kanga nyekundu mbele ya mlango wa kijani inavutia sana kwa macho, lakini kwenye picha vyote viwili vinaweza kuyeyukiana. Kinachotenganisha vitu hapa ni mwanga na giza peke yake. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, jiulize: kitu changu ni cheusi juu ya cheupe, au cheupe juu ya cheusi? Kama jibu ni "vyote sawasawa", sogea hatua mbili kushoto au kulia mpaka jibu libadilike.

Sasa kipimo cha mwanga. Kamera inaamini kwamba dunia nzima ni ya kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye ukuta mweupe uliojaa fremu, itaupunguza mwanga wake mpaka ukuta uwe wa jivu, kwa hiyo ongeza +1 kwenye kirekebisha mwanga cha kamera, kile chenye alama ya +/−. Ukiielekeza kwenye kichochoro cheusi chenye utepe mmoja wa jua, itajitahidi kulifukuza giza na utepe utaungua, usibaki na chochote ndani yake. Punguza −1, wakati mwingine −2. Kanuni ya Lamu ni kuulinda mwanga na kuliacha giza liwe giza. Kuta hizi zilijengwa zitie kivuli, kwa hiyo picha yenye kivuli cheusi ti inasema kweli.

Wanaotumia mipangilio ya mkono waanzie hapa: ISO 400, f/8 (upana wa tundu la lenzi), na kasi ya shata 1/1600 ya sekunde kwa kitu kilichopigwa na jua kali. Ukiingia kivulini bila jua la moja kwa moja, shusha hadi 1/125 hivi. Mtu anayetembea anahitaji angalau 1/250 ili asivuruge, na punda anayekimbia 1/500, kwa hiyo kivulini panda ISO bila woga. Punje zinazotokea kwenye picha nyeusi na nyeupe haziudhi kama zinavyoudhi kwenye rangi.

Kwa simu, gusa sehemu yenye mwanga kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo kifunge, kisha shusha kidole taratibu hadi chokaa ionyeshe vijitundu vyake.

Hatua ya nne: njia ya mjini

Anzia Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome. Ngome yenyewe ilikamilika karibu mwaka 1821, ikageuzwa gereza enzi za Waingereza na kubaki hivyo hadi 1984. Leo iko chini ya Makavazi ya Taifa. Wengi huipiga picha kutoka mbele, yote nzima, na hutoka picha ya kadi ya posta. Mimi nakushauri uchukue kona moja tu, pale ukuta mrefu unapokutana na anga, na kivuli cha mti kikitambaa juu yake. Baada ya hapo lipa kiingilio upande juu. Kutoka huko mapaa yanaonekana yalivyochanganyika: makuti, mabati, saruji, matangi ya maji, minara ya misikiti. Usiyakwepe matangi wala nyaya. Mji unaoishi una nyaya.

Shika Usita wa Mui kuelekea kaskazini, upande wa Mkomani, zilikojaa nyumba kongwe za mawe. Upande wa Langoni, kusini, una maduka zaidi na shughuli zaidi. Uende huko siku nyingine, kwa ajili ya watu. Tembea polepole. Ukipita kichochoro, geuka utazame nyuma, maana upande wa pili una mwanga tofauti kabisa.

Utafika mahali nyumba mbili zimeunganishwa juu kwa chumba kilichovuka njia. Hilo ni wikio, jamaa walipitia humo kutoka nyumba hadi nyumba bila kushuka barabarani. Chini yake ni giza, na mbele yake kuna mwanga, kwa hiyo fremu umeshajengewa. Fanya hivi:

1. Simama ndani ya giza, hatua tatu nne kabla ya ukingo wa wikio.
2. Pima mwanga kwenye ukuta wa mbele wenye jua, ufunge kipimo hicho.
3. Lenga fokasi mahali jua linapogusa sakafu, uifunge nayo.
4. Ngoja. Mtu au punda akitia mguu kwenye mwanga, bonyeza. Kabla ya hapo ni mapema, na baada ya hapo atakuwa ameshaingia gizani pamoja nawe.

Tazama pia boriti za dari ya wikio. Ni miti ya mikoko, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vya Lamu: nyumba za mawe ni ndefu na nyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Ukiinua kamera moja kwa moja juu, safu ya boriti inatoka kama mistari ya daftari.

Milango inataka nafasi yake. Mlango wa kizamani una mbao mbili, katikati mfaa, pembeni miimo, na juu kizingiti, ambapo nakshi huwa nyingi kuliko kwingine kote. Wengi huupiga wote kwa mbali, halafu wanashangaa mbona umekuwa bamba la kijivu lisilo na uhai. Usogelee. Kama mlango umetazama njia na jua la saa tano na nusu linaufikia, piga kipande cha mwimo chenye urefu wa mkono mmoja. Kila jani lililochongwa litakuwa na ukingo mweupe juu na mweusi chini, na utaona mahali patasi ya fundi ilipoingia kwa kina na mahali ilipoteleza. Utaona pia mafuta ya mikono ya watu karibu na pete ya kubishia hodi. Pale mbao zinang'aa, na mng'ao huo kwenye picha unakuwa sehemu nyeupe kuliko zote.

Milango mingi lakini iko ndani ya daka, ile sehemu ya kuingilia yenye baraza za mawe pande mbili, na jua la juu haliugusi. Hiyo ipige asubuhi au alasiri, wakati ukuta wa ng'ambo ya njia umewaka na unarudisha mwanga laini ndani ya daka. Mwanga huo ni wa thamani, na haudumu. Ukiuona, acha mengine yote.

Hatua ya tano: watu na nyumba zao

Ukiingia nyumba ya Lamu utaona kwamba mlango wa mbele haukuonyeshi ndani. Unakutana na daka, kisha njia inageuka. Wajenzi walishaamua macho ya mpita njia yaishie wapi. Kamera nayo iishie hapo hapo. Mlango ulioachwa wazi haujawa ruhusa.

Kwa watu, salamu kwanza. "Assalaamu alaikum, ami. Naomba nipige picha ya mlango wako." Huenda ukajibiwa, "Mlango piga, mimi niwate." Basi piga mlango, naye umwache kama alivyosema, usijaribu kumwingiza pembeni mwa fremu. Mzee muamkie shikamoo kabla ya lolote. Kina mama wenye mabuibui usiwapige bila idhini, hata kwa mbali, hata kama kivuli chao kimeanguka ukutani vizuri ajabu. Kama unataka umbo la mtu bila uso, mwombe rafiki yako apite. Watoto watakuja wenyewe kukuzunguka, na wengi wao watataka picha. Waambie wakamwite mzazi.

Msikitini uliza kabla ya kuingia, na wakati wa swala kaa pembeni kabisa. Ijumaa kuanzia saa sita na nusu usisimame na kamera kwenye njia za kwenda msikitini. Siku za Maulidi mji hujaa na kila mtu ana simu mkononi. Hilo halikupi wewe haki zaidi. Vituo vya polisi na vya jeshi havipigwi picha. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa nacho, kumbuka watu wanaanika nguo na kupumzika juu ya mapaa yao. Kwa picha utakayoiuza au kuitumia kwa tangazo, pata idhini ya maandishi: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sura ya mtu anayetambulika ni data yake.

Hatua ya sita: mchanga, mikoko na maji

Hapa jua peke yake halitoshi, inabidi ujue na maji. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, pwani yetu maji hupwa sana katikati ya asubuhi na kujaa sana alasiri. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Muulize nahodha yeyote pale gatini, atakuambia bila kutazama jedwali.

Kwenda kijiji cha Shela ni mwendo wa dakika 40 hivi kwa miguu kufuata ufuo. Maji yakijaa sehemu za njia zinalowa, basi panda mashua na mkubaliane bei kabla ya kuondoka. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka 1829, una mnara mweupe uliochongoka ambao kila mtu anaupiga. Na wewe upige, ila subiri anga iwe ya samawati nzito nyuma yake, na wakati wa kuhariri uitie giza anga hiyo. Mnara utajitokeza wenyewe.

Vilima vya mchanga viko ng'ambo ya kijiji. Fika mapema, maana baada ya saa mbili jua linapanda na mikunjo ya mchanga inafutika. Tembea pembeni, kwenye mchanga mgumu, kwa sababu nyayo zako ukishaziacha zitakuwa ndani ya kila picha. Mchanga ni mweupe kuliko kamera inavyodhani, kwa hiyo ongeza +1 uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, isigonge ukingo wa kulia. Kusi ikivuma mchanga unaruka kama moshi juu ya migongo ya vilima. Piga ukilikabili jua, kamera ikiwa ndani ya mfuko wenye tundu la lenzi tu. Usikanyage mimea iliyoota juu yake. Inashikilia vilima visihame, na chini ya vilima hivyo ndiko yaliko maji matamu ya kisiwa.

Mikoko si mti mmoja, na kwa picha nyeusi na nyeupe tofauti zake ni muhimu. Mkoko wenyewe unasimama juu ya mizizi iliyopinda kama magoti, kwa hiyo unautaka maji yakipwa. Mchu unachomoza vijiti vingi kutoka kwenye tope, vyembamba, vimesimama wima. Upige kwa mwanga wa pembeni, kila kijiti na kivuli chake. Mlilana uko mbele kabisa, unapokea mawimbi, na maji yakijaa matawi yake yanajitazama majini. Majani ya mikoko yanang'aa, na ule mng'ao unajaza picha madoa meupe. Piga siku ya mawingu, au tumia chujio la polaraizi. Vaa viatu vinavyofunga mguu: mizizi imejaa chaza, na ni wembe.

Takwa, magofu ya mji wa Waswahili kule Manda ulioachwa karne ya 17, hufikiwa kwa mashua kupitia mkono wa bahari wenye mikoko pande zote, na maji yakiwa yamejaa tu. Kwa hiyo chagua siku ya bamvua. Maji yatakupeleka alasiri, wakati jua limeshashuka na linaingia msikitini kwa ubavu, na mibuyu iliyosimama kati ya magofu ina vivuli virefu. Mbuyu usiutake wote. Gome lake linatosha. Nahodha akikuita, nenda, hata kama picha unayoitaka bado. Maji yakitoka mtalala kwenye tope na mbu.

Hatua ya saba: kuhariri

Rudi, pumzika, kula. Usihariri siku ile ile, kwa sababu bado unakumbuka joto na harufu na utaiona picha ikiwa nzuri kuliko ilivyo.

Ukianza, nyoosha kwanza mistari ya wima. Kuta za Lamu zenyewe hazijanyooka kabisa, kwa hiyo chagua mstari mmoja, mwimo wa mlango kwa mfano, uunyooshe huo, na mingine uiache na tabia zake.

Kisha geuza kuwa nyeusi na nyeupe, na hapa ndipo rangi ulizozihifadhi zinapolipa. Snapseed, programu ya bure kwenye simu, ina vichujio vya rangi ndani ya sehemu ya nyeusi na nyeupe. Programu ya Lightroom inakupa kila rangi na kitelezi chake. Ukishusha samawati, anga na bahari vinaingia giza, na chokaa inaruka mbele. Ukipandisha machungwa, mbao za mlango na ngozi zetu zinapata mwanga. Ukishusha, nakshi inazama na kuwa nzito. Kijani kikipanda, mikoko inakuwa nyepesi. Nenda taratibu. Ukiishusha samawati hadi mwisho, anga inatokwa na madoa na kingo za kuta zinapata mstari mweupe wa ajabu.

Halafu weka mweusi na mweupe wa mwisho. Picha iwe na mahali pamoja peusi kabisa na mahali pamoja papo karibu na weupe mtupu, vinginevyo inakuwa kijivu cha mvua. Baada ya hapo, ongeza mwanga au giza kwa sehemu sehemu: uso wa mtu uinue kidogo, kona yenye takataka ya mwanga uizamishe. Asikuambie mtu kwamba kuhariri ni uongo wa vijana wa siku hizi. Hapa hapa Lamu, marehemu Omar Said Bakor, mpiga picha aliyejifundisha mwenyewe na kuwa na studio mjini, alikuwa akipachanisha picha kadhaa kuwa moja kwa mikono, kabla kompyuta hazijatufikia. Kinachokataliwa ni kumfanyia mtu sura asiyoikubali.

Hatua ya nane: chagua, kisha chapisha

Zitazame zote zikiwa ndogo kwenye kioo, saizi ya stempu. Picha ambayo umbo lake halisomeki kwa saizi hiyo, hata ikuzwe haitasomeka. Kati ya mia, ukibaki na tano umefanya vizuri. Za watu waliokuruhusu chapisha nakala mbili, moja uwapelekee.

Karatasi isiyong'aa inaifaa chokaa kuliko ile ya kung'aa, na haichukui alama za vidole haraka kwenye joto letu. Anza na A4. Nakala ikitoka usiihukumu chini ya taa ya dukani. Itoe nje, barazani, kwenye kivuli. Karatasi huwa nyeusi kuliko kioo cha simu, kwa hiyo mara nyingi utakuta chini ya wikio pamefungana, boriti hazionekani tena. Zipandishe sehemu hizo kidogo tu, uchapishe upya, ulinganishe mbili hizo kwa mwanga ule ule.